Anakula Uji Tu, Wali Anatema: Maswali ya Kina Mama wa Amu

Mtoto akitema wali na kukubali uji peke yake, nyumba nzima haitulii. Mama hulaumiwa, shangazi huleta dawa ya kumpa hamu, jirani husema ana jicho. Kazi yangu ni kuelimisha kina mama wa hapa Amu, yaani Lamu, kuhusu lishe ya watoto, na haya ndiyo maswali yanayonifikia sana, kliniki na hata dakani baada ya alasiri. Nimeyaandika kama nilivyoulizwa.

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Uji na viazi vya kusaga anakula vizuri, lakini wali, mkate na samaki anatema. Ana ugonjwa?

Mara nyingi hana. Kinywa chake hakijazoea. Kutafuna hakuji kwenyewe kama kunyonya. Ulimi hujifunza kusukuma chakula pembeni, ufizi hujifunza kukiponda, na yote hayo yanataka mazoezi. Mtoto aliyelishwa vya blenda tangu miezi 6 anajua kumeza tu.

Mazoezi hayo yana wakati wake. Akitimiza miezi 6 huanza na vyakula vilivyopondwa, vizito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kuchuruzika. Kwenye miezi 8 hivi anaweza kushika kipande laini na kujilisha. Akifika mwaka, watoto wengi huweza kula kinacholiwa nyumbani kikikatwakatwa. Wanaocheleweshewa vibonge hadi kupita miezi 10 huwa wagumu zaidi wa kula baadaye. Sisemi haya kukulaumu, mama. Wengi wetu tuliambiwa tusage mpaka kiteleze, tukasaga kwa mapenzi. Wako anaweza kujifunza hata sasa, ila atahitaji subira zaidi.

Na umri wenyewe unachangia. Katika mwaka wa kwanza uzito wa mtoto hufika mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili huongeza kilo 2 au 3 tu, kwa hiyo njaa nayo hupungua. Kisha kuanzia mwaka na nusu hivi, watoto wengi hukiogopa chakula wasichokijua, hata wale waliokuwa wakila kila kitu.

Nimtoeje kwenye vya kusaga?

Polepole, na uanzie kwenye chakula anachokipenda. Kama ni viazi, wiki hii viponde kwa uma badala ya blenda na uache vibonge vidogo kama punje za mchele. Akizoea, acha vikubwa kama pojo, yaani choroko. Baadaye mpe vipande vya kushika mwenyewe. Kipimo ni vidole vyako: bana kipande kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikipondeka kwa urahisi, ufizi wake pia utakiponda. Nyama ya vipande ni ngumu kwake kwa sababu magego ya kwanza hutoka kati ya miezi 13 na 19. Mpe iliyosagwa au iliyochambuliwa nyuzinyuzi, ndani ya mchuzi.

Mseto ni daraja zuri sana, nami ndio ninaoupenda kuliko vyote. Mchele na pojo vipikwe pamoja mpaka vilainike, utie tui. Siku za mwanzo uwe mlaini kama uji, kisha kila baada ya siku chache upunguze maji. Mtoto hupandishwa ngazi bila kujua.

Nikueleze nilichokiona nyumba moja ya mtaa wa Langoni. Bibi alikaa mkekani na mjukuu wake wa mwaka na miezi mitatu, sinia katikati, wakubwa wakila. Akamega wali wa nazi kwa ncha za vidole, akachambua mnofu wa tasi, akaupapasa mara mbili kutafuta mwiba, akauchanganya na wali, akachovya kwenye mchuzi, akafinya tonge dogo kama kunazi. Hakumtia kinywani. Alimwekea kwenye kisahani chake, akaendelea kula na kuzungumza na mkwewe. Mtoto akaliponda tonge, akalamba kidole, akamtazama kakake akitafuna. Tonge la pili akalitupa. La tatu alilila, na hakuna aliyepiga makofi wala kupiga kelele. Bibi alifinya la nne tu.

Yote ninayofundisha yamo humo. Mtoto alikuwa na watu wanaokula kile kile. Alikuwa na kisahani chake, kwa hiyo mama angeweza kuona amekula kiasi gani, jambo lisiloonekana kwenye sinia ya watu sita. Aliruhusiwa kushika na kuchafuka, na hakuna aliyemkazia macho.

Chakula kigeni huenda ukakileta mara 8, 10, hata 15 kabla hajakikubali. Kugusa, kunusa na kulamba pia ni hatua, zihesabu. Binti yangu alilikataa boga siku nyingi hata nikakata tamaa. Alilitia kinywani siku nilipomwekea vipande viwili kando ya wali nikainuka kuangalia sufuria jikoni.

Akipata bonge anafanya kama anataka kutapika. Naogopa atapaliwa.

Hofu hiyo naielewa, na ndiyo inayowarudisha kina mama wengi kwenye blenda. Lakini kutaka kutapika na kusakamwa, yaani chakula kuziba njia ya hewa, ni mambo mawili. Mtoto anayetaka kutapika hutoa ulimi, hukohoa, uso huwa mwekundu, na unamsikia. Hiyo ni kinga ya mwili, inarudisha chakula mbele. Tulia, mwache amalize. Ukipiga ukelele, utamfunza kwamba chakula kinatisha.

Aliyesakamwa huwa kimya. Hawezi kukohoa wala kulia, na midomo huanza kugeuka rangi. Hapo usitie kidole kinywani kutafuta usichokiona, maana utakisukuma ndani. Mtoto aliyepita mwaka mwinamishe mbele, umpige mgongoni mara 5 kati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kisichotoka, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, uvute kwa ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu. Aliye chini ya mwaka hashindiliwi tumbo: mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze, umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Mwingine akimbilie msaada wakati huo huo. Nalisisitiza hili kwa sababu ya visiwa vyetu. Aliye Siyu, akisubiri maji yajae ili boti itoke, hana muda huo. Mwombe muuguzi wa kliniki akuonyeshe kwa mikono, na wote wanaobaki na mtoto waonyeshwe.

Mtoto ale amekaa, na mtu mzima awe karibu. Asile akikimbia uani wala akilala.

Na miiba?

Nguru na samaki wakubwa wa minofu ni rahisi kusafisha. Tasi ni mtamu lakini ana miiba myembamba, kwa hiyo mchambue kwenye mwanga na umpapase kwa vidole, si kwa macho tu. Simu, wale samaki wadogo, wakaushe, uwasage, uwatie kwenye mchuzi au mseto. Mwiba ukikwama kooni usimmezeshe tonge kubwa la wali au ugali ili uusukume, kama tunavyofanya wakubwa. Mwiba unaweza kuchoma zaidi. Mpeleke hospitali.

Siku nyingine anakula matonge matatu tu. Nimlazimishe?

La. Najua wapo wanaombana mtoto mapajani, wakamziba pua ili afungue kinywa. Hufanywa kwa kumwonea huruma, lakini akivuta pumzi na chakula kimo kinywani, kinaweza kuingia mapafuni. Na akishikwa hivyo leo, kesho atalia akiona kijiko tu.

Gawaneni kazi. Wewe unaamua chakula gani, wakati gani na mahali gani. Yeye anaamua kama atakula na kiasi gani. Akigeuza uso mara mbili tatu, toa sahani bila maneno na usubiri mlo unaofuata. Usimpikie chakula cha pili cha kumbembeleza, ila kwenye kila mlo kiwepo kitu kimoja anachokijua, hata kama ni ndizi.

Kwa kipimo, tumia kikombe cha mililita 250. Kati ya mwaka 1 na 2, mlo mmoja ni robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara 3 au 4 kwa siku, na vitafunio mara 1 au 2. Usipime kwa mlo mmoja. Tazama wiki nzima.

Hali chakula lakini maziwa na chai anataka kutwa.

Basi ndiyo maana hali. Tumbo lake ni dogo, na kikombe cha maziwa kabla ya chakula kinalijaza. Aliyepita mwaka, maziwa ya ng'ombe yasizidi mililita 500 kwa siku, kama vikombe viwili, na apewe baada ya kula. Yakizidi, mtoto hukosa madini ya chuma, na damu ikipungua hamu ya kula nayo hupungua, basi mnazunguka hapo hapo.

Chai nakuomba uiache kabisa, ya maziwa na ya rangi. Najua asubuhi ya Amu haikamiliki bila chai na mahamri, na kumchovyea mtoto mkate kwenye kikombe chako ni mazoea matamu. Lakini chai huzuia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye chakula. Mchovyee mkate kwenye mbaazi za nazi zilizopondwa, na kiu aikate kwa maji. Juisi na soda hazina haja, tunda lenyewe linatosha. Msimu wa maembe mpe kipande cha embe ngowe kilichoiva, kilainike mkononi mwake. Kikiliwa pamoja na pojo au mchicha, vitamini C iliyomo humsaidia kuchukua chuma.

Mabuyu, karanga na krispi?

Mabuyu ya rangi ni mbegu ngumu yenye sukari, usimpe. Karanga nzima, peremende na vipande vigumu vya nazi pia ngoja mpaka apite miaka 4 au 5. Karanga zilizosagwa ndani ya uji ni nzuri. Krispi zitamwondolea njaa na kumjaza chumvi.

Nimpikie chungu chake bila viungo?

Hapana haja. Bizari, kitunguu, thomu (kitunguu saumu) na tui ni vyema, na ndiyo ladha ya nyumbani kwake. Mtolee sehemu yake kabla ya kutia chumvi na pilipili.

Mwezi wa Ramadhani hatupiki mchana. Afanyeje?

Yeye hafungi, na mlo wake wa adhuhuri usipotee. Kila mwaka naona watoto wakipita Ramadhani nzima kwa biskuti na maziwa mpaka magharibi. Yai la kuchemsha lililopondwa na kiazi, au mseto mdogo, hauchukui muda. Tahadhari na wali wa nazi wa daku: tui huchacha upesi kwa joto letu. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kama huna friji, pika kidogo, kimalizike. Magharibi mkae naye kwenye futari. Muhogo wa nazi na ndizi mbivu za nazi, zote ni laini kwa ufizi wake.

Nitajuaje kwamba si uchaguzi wa chakula tu, ni ugonjwa?

Mpeleke kliniki kama haongezeki uzito kwenye kadi, kama hukohoa au kupaliwa karibu kila mlo, hata kwa maji, kama viganja vimekuwa vyeupe, kama anakula udongo, au kama amepita mwaka na nusu na bado hakubali chochote kisichosagwa. Watampima mkono kwa utepe wa rangi. Chini ya sentimita 12.5 ni njano, anahitaji kufuatiliwa. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na hapo usingoje kesho. Uliza pia kuhusu vitamini A, inayotolewa kila miezi 6 tangu miezi 6 mpaka miaka 5, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1. Minyoo na upungufu wa damu humfanya mtoto aonekane mchaguzi, kumbe anaumwa.

Mama mkwe anasema nimwachishe ziwa, ndipo atakula.

Usimwachishe kwa sababu hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri anyonye mpaka miaka 2 au zaidi, na Qurani katika Al-Baqara imetaja miaka miwili kamili. Unaweza kumwambia mama kwa heshima kwamba kinachobadilika ni mpangilio. Mtoto akiamka asubuhi mnyonyeshe. Kabla ya mlo, mwache saa moja na nusu hivi bila ziwa, ili aje mkekani na njaa yake. Akishakula na kunawa, mpe ziwa anyonye mpaka atosheke.