TSH Ikiwa Juu, Tezi Iko Chini

Dhana: TSH, homoni inayopimwa kwenye damu, imepanda, kwa hiyo tezi ya shingo (thairoidi) inafanya kazi kupita kiasi.

Kosa hili linaniuma kuliko mengine, maana watu hulala na hofu isiyo yake. Karatasi ya majibu imeandikwa TSH 12, pembeni herufi H (yaani juu; L ni chini), na kiwango cha kawaida 0.4 hadi 4.0. Mtu anaona "juu", anaamini homoni zimezidi. Kumbe TSH haitoki shingoni. Inatoka kwenye pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, inayoiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Mama akimwita mtoto naye asiitike, si anapaza sauti? Basi TSH 12 ni mama anayeita kwa nguvu. Shuka mstari wa pili, Free T4, homoni inayotengenezwa na tezi ya shingo yenyewe. Nayo ikiwa imeshuka, tezi inafanya kazi kidogo mno: ndiyo maana baridi haikuishii, choo kigumu, uchovu tangu asubuhi. TSH ikikaribia sifuri huku T4 iko juu, hapo ndipo tezi imezidisha, moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka.

Dhana: nimemeza dawa ya tezi iliyo chini wiki mbili, sasa nikapime.

Subiri. Dawa hiyo, levothairoksini, huondoka mwilini taratibu, nusu yake huchukua kama siku 7, na TSH hubadilika polepole zaidi. Kipimo cha kujua kama dozi inatosha hufanywa baada ya wiki 6 hadi 8. Siku hiyo toa damu kwanza, kidonge umeze baadaye. Kufunga kula si lazima kwa TSH na T4.

Dhana: vidonge vya nywele na kucha havihusiani na haya.

Vingi vina biotini, aina ya vitamini, na biotini nyingi huchanganya baadhi ya mashine za maabara: TSH inaonekana ndogo, T4 kubwa, mtu asiye na ugonjwa anaonekana mgonjwa. Viache angalau siku 2 kabla, na umwambie anayekutoa damu.

Mjamzito naye asilinganishe majibu yake na ya jirani. Miezi mitatu ya kwanza homoni ya mimba huichochea tezi, TSH ikashuka bila ugonjwa.

Dhana: majibu ni ya kawaida, kwa hiyo sina rovu.

TSH hueleza kazi ya tezi, haielezi umbo lake. Ukiona uvimbe shingoni unaopanda na kushuka unapomeza mate, mwone daktari, uulizie ultrasaundi, hata kama karatasi haina H wala L.