Injini ina noti, jamani

Wiki hii tena. Jamaa kaingia studio na flashi mkononi, anatengeneza albamu nzima ya roki kuhusu Subaru yake, kahamasika na Auberge, albamu ya mwanamuziki Chris Rea ya 1991, ile yenye gari dogo Caterham Seven ya buluu kwa kava. Nampenda kwa hilo, anaimba kutoka moyoni. Halafu ananiambia, "Bro, sauti ya injini bandika tu pale mwanzo, kelele haina kii." Ina kii, yaani noti yake ya kulingana na wimbo! Nimechoka kusema.

Injini ya silinda nne inalipua mara mbili kila kranki, ule mhimili wa ndani, ikizunguka mara moja. Ukishikilia mizunguko 3,300 kwa dakika hiyo ni milipuko 110 kwa sekunde, na hezi 110, yaani mitetemo 110 kwa sekunde, ndio A ya waya wa tano wa gita ukiupiga wazi. Shuka 2,470, uko kwa E ya waya mnene. Panda 4,400, hiyo ni D.

Sasa wimbo wake uko kwa A, na yeye alirekodi na simu usiku Thika Road gari ikiwa 3,500. Hiyo 200 iliyozidi ni nusu noti nzima. Nikazima gita na ngoma, nikamwachia besi na injini peke yake, zikaanza kusuguana mpaka akakunja uso mwenyewe. Hapo akanyamaza.

Maiki: moja nyuma pembeni ya ekzosi, usiielekeze kwa moshi, nyingine karibu na boneti, basi.

Na tafadhali usivute hiyo noti kwa kompyuta ndio ilingane na wimbo. Zile Subaru za turbo za zamani zinanguruma vile kwa sababu mabomba ya ekzosi hayalingani urefu, mapigo hayafiki kwa nafasi sawa, kwa hivyo chini ya noti kuu zinazaliwa zingine nzito, na hizo nzito ndizo mtu wa Nairobi anazitambua akiwa kitandani bila kuchungulia dirishani. Ukivuta sana zinakonda, unabaki na kitu kama blenda.

Ila nakiri, kuna miksi moja niliiacha injini nje ya kii makusudi, ikauma vizuri kuliko ile safi, na mpaka leo nikiisikiliza nasitasita.

Jumapili alfajiri tunatoka tena kabla magari yajae. Yeye macho kwa sindano ya mizunguko, isitoke 3,300, mimi na hedifoni kiti cha nyuma.