Wakatoliki wa Marekani hawakuingojea Roe

Husimuliwa mara nyingi kwamba Roe v. Wade, hukumu ya 1973 ambayo kwayo Mahakama ya Juu ilihalalisha utoaji mimba nchi nzima, ndiyo iliyowaamsha Wakatoliki wa Marekani kupinga utoaji mimba. Sivyo. Majimbo yalikwishaanza kulegeza sheria zao: Colorado mwaka 1967, kisha California, ambako aliyetia saini alikuwa Gavana Ronald Reagan (ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa rais mpinzani wa utoaji mimba). New York ikafuata 1970, ikiruhusu hadi wiki ya 24. Maaskofu walikuwa tayari wakipambana na miswada hiyo kwenye mabunge ya majimbo. Hata huduma kwa wajawazito wenye shida ilitangulia: shirika la Birthright lilianzishwa Toronto, Kanada, mwaka 1968 na Mkatoliki, Louise Summerhill. Mahakama ya Juu ilipoifuta Roe mwaka 2022, suala lilirudi kulekule majimboni.