Kwa nini mweka hazina wa kikundi hapewi ufunguo wa sanduku?

Siku ya kikao cha kuweka na kukopa, sanduku la chuma hubebwa na mtu mmoja, na funguo za kufuli zake tatu hufika na watu wengine watatu, kila mmoja akitokea kwake. Mweka hazina, ambaye sanduku hulala chumbani kwake wiki nzima, hana ufunguo hata mmoja. Mgeni akiliona hilo hushangaa: kama mlimchagua kwa uaminifu wake, mbona hamumwamini?

Jibu la haraka ni kwamba wanaogopa wezi. Lakini mwizi aliyeingia na nondo hahangaiki na kufuli; analitia sanduku begani akaondoka nalo. Kufuli zile zimewekwa kwa ajili ya wanachama wenyewe, na zaidi kwa ajili ya maamuzi yao.

Tuanze na upatu. Kwenye upatu fedha hailali: ikikusanywa anapewa mwenye zamu, basi. Hakuna la kuamua isipokuwa nani anafuata. Mambo hubadilika pale kikundi kinapoanza kulimbikiza, kwa sababu fedha inayolala huzaa maswali. Nani akope? Kiasi gani? Mgonjwa wa usiku wa manane asaidiwe kwa idhini ya nani? Mfumo wa vikundi hivi ulianzia Maradi, kusini mwa Niger, mwaka 1991, kwa mradi wa shirika la CARE na wanawake wa huko, na ulipofika Tanzania ukazaa VICOBA, yaani benki za jamii vijijini. Ila wazo la funguo tatu ni la kale sana. Mwaka 1199 Papa Innocent III aliagiza kila kanisa liwe na sanduku la michango ya vita vya msalaba lenye funguo tatu: moja kwa askofu, moja kwa padri, moja kwa mlei mcha Mungu.

Nimewahi kukaa pembeni kwenye kikao cha kikundi cha mama yangu mdogo. Washika funguo, ambao kwa kanuni hawatoki kwenye uongozi, walifungua pindo za khanga mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akafungua kufuli yake akarudi kukaa. Kabla fedha haijaguswa, mwenyekiti aliuliza: "Wiki jana tulifunga na shilingi ngapi?" Wakajibu kwa pamoja, na bibi mmoja asiyejua kusoma ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Wahesabu fedha wawili wakahesabu kwenye bakuli mbele ya macho ya watu. Ilikuwa sawasawa. Kisha hisa: kila mtu akaitwa kwa namba, akanunua kuanzia moja hadi tano, kitabu chake kikagongwa muhuri mmoja kwa kila hisa. Aliyenunua mbili alipigiwa mstari kwenye nafasi tatu zilizobaki, ili muhuri usije ukaongezwa nyumbani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwenye sanduku hana ufunguo, mwenye ufunguo hana sanduku, na katibu mwenye daftari hashiki vyote viwili. Fedha haiwezi kutoka mpaka watu wakutane, na wakikutana, wanachama wote wanaona. Mwenyekiti hata akiombwa na shemeji yake jikoni saa tatu usiku, hana cha kumpa. Uamuzi wa pembeni unakosa mlango.

Kitu kinachonigusa zaidi ni namna mpango huu unavyotunza undugu. Kumnyima jirani mkopo ni jambo zito. Mtapishana kisimani kesho, na harusi ya mwanawe mtakaa jamvi moja. Kwa hiyo "hapana" ngumu hukabidhiwa katiba ya kikundi. Vikundi vingi huweka kwamba mtu asikope zaidi ya mara tatu ya hisa zake. Mwenye hisa za elfu 40 akiomba laki mbili, hakuna anayemkatalia: anasomewa kanuni aliyoipitisha yeye mwenyewe. Kinachobaki kujadiliwa ni matumizi, nayo huyasema kwa mdomo wake, na wanaomsikiliza wanajua kama mtaji wa vitumbua unafika laki au haufiki.

Faini nayo ni ndogo makusudi. Kuchelewa ni shilingi mia tano, kusahau salio la wiki iliyopita vivyo hivyo. Elinor Ostrom, mwanazuoni wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza watu wanavyosimamia kwa pamoja misitu, malisho na mifereji ya umwagiliaji. Aligundua kwamba mipango inayodumu kwa kawaida ina wanachama wanaoshiriki kutunga kanuni zao, na adhabu zinazoanza chini na kupanda kadiri kosa linavyorudiwa. Akina mama wa kikao kile hawakuhitaji kuambiwa na mtu.

Mpango huu hufa, tena kwa njia za upole. Mshika ufunguo anakwenda msibani, anamwachia mweka hazina: "Nishikie tu, narudi Jumatatu." Hakuna aliyeiba, hakuna mwenye nia mbaya. Lakini kufuli zimebaki mbili. Kikundi kingine humchagua mke, mume na wifi kushika funguo, na siku hiyo kufuli tatu zimegeuka moja. Mimi naona hili ndilo la kuulizwa kwanza na yeyote anayejiunga na kikundi, kabla ya kuulizia riba: funguo ziko nyumba ngapi?

Kikao nilichohudhuria kilichelewa kuanza. Mshika ufunguo wa tatu alikuwa bado shambani. Mwenyekiti alikuwapo, fedha ilikuwapo, wenye shida ya mkopo walikuwapo. Wakakaa mkekani wakichambua mboga, robo tatu ya saa, sanduku limefungwa katikati yao.