"Nilionywa tu, sikufungwa"

Juma hili nimeusikia tena ushauri wa kuficha kesi ya zamani katika fomu ya kuomba kusomea sheria, safari hii kutoka kwa mzazi aliyemleta binti yake ofisini kwangu hapa Busia, Uganda: "Wakili, wametuambia kesi ndogo haitajwi. Akiitaja tu, sheria hasomi." Waliomwambia hivyo walimtakia mema. Lakini kosa dogo la zamani ni nadra kumzuia mtu kuwa wakili. Kinachomzuia ni kugundulika kwamba alilificha.

Fikirieni njia yenyewe ilivyo ndefu. Digrii ya sheria Makerere ni miaka minne. Baada yake ni LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili, kisha unaliomba Baraza la Sheria hati ya kustahili, na hapo jina lako linachapishwa katika Gazeti la Serikali: fulani, mwenye digrii ya chuo fulani na diploma ya LDC, ameomba jina lake liingizwe katika orodha ya mawakili. Ni tangazo la mistari michache tu, ila analisoma yeyote, hata yule jirani uliyempiga ngumi ukiwa kidato cha tano. Kwa hiyo ulichojaza leo kitakuja kuwekwa kando ya utakachokiapia miaka mitano au sita baadaye. Vikipishana, hutaulizwa tena habari za ngumi. Utaulizwa kwa nini ulidanganya, na swali hilo kwa mtu anayetaka kuaminiwa na mahakama halina jibu jema.

Sasa niseme linalonichosha zaidi: watu hawasomi swali. Fomu moja inauliza kama umewahi kutiwa hatiani, nyingine inauliza kama umewahi kushtakiwa, na nyingine, hasa za vyuo vya nje, zinauliza hata kama umewahi kukamatwa. Hayo si mamoja. Ukikamatwa usiku, ukaandikwa SD, yaani kitabu cha matukio ya kila siku kituoni, ukatoka asubuhi, umekamatwa basi. Ukifunguliwa faili yenye namba ya CRB, kitabu cha polisi cha kuandikishia kesi za jinai, unachunguzwa. Unahesabiwa umeshtakiwa pale karatasi ya mashtaka inapofika mbele ya hakimu nawe ukasomewa. Hatia huja baada ya hapo, kwa kukiri kwako au kwa hukumu, na kabla yake Katiba, kifungu cha 28, inakuhesabu huna hatia. Bondi ya polisi nayo si msamaha. Inakutoa selo, faili inabaki kituoni.

Aliyekamatwa tu akaulizwa kama ametiwa hatiani, ajibu hapana, na aandike bila kutetemeka. Nimeona vijana waaminifu wakijiandikia hatia ambayo mahakama haikuwapa kamwe, kwa kuogopa kuonekana waongo. Hilo nalo ni jibu lisilo kweli.

Upande wa pili ndio wenye hatari, nao unakaa ndani ya maneno matatu: "hakimu alinionya tu." Kijana anapelekwa mahakamani kwa kupigana au kwa kuvunja kioo cha duka. Anasomewa, anaulizwa, anajibu "ni kweli." Hakimu anamtazama, anaona ni mwanafunzi na ni mara ya kwanza, anampa onyo na kumwacha aende. Nyumbani wanashukuru Mungu, na ukoo mzima unaamini kesi ilifutwa. Haikufutwa! Ukifungua jalada utaona mashtaka yamesomwa, mshtakiwa amekiri, mshtakiwa ametiwa hatiani kwa kukiri kwake, adhabu: onyo. Onyo limeandikwa mahali pa adhabu, na mahakama haimwadhibu mtu ambaye haijamtia hatiani. Huduma kwa jamii ni vilevile. Sheria yake ya mwaka 2000 inahusu makosa madogo, yale ambayo mahakama inaweza kuyatolea kifungo kisichozidi miaka miwili, na kufagia uwanja wa zahanati kwa amri ya hakimu ni adhabu inayofuata hatia. Faini pia. Kwamba hukulala gerezani hata usiku mmoja hakubadilishi jibu: ulitiwa hatiani, andika ndiyo.

Suluhu ni jambo jingine. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inamruhusu hakimu kuhimiza mapatano katika kesi za kupigana na mfano wake, na mkipatana kesi inaweza kukomeshwa bila mtu kutiwa hatiani. Ndiyo maana simwamini mteja anayeniambia "iliisha vizuri." Nataka kuona karatasi inasemaje iliishaje.

Kuna mambo ambayo mawakili wenyewe tunabishana, nami sitajifanya nina jibu. Hapa mpakani vijana hukamatwa na bidhaa za magendo, wakamalizana na forodha bila kufika kortini. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu hivyo, lakini kwanza mtu akiri kwa maandishi kwamba alitenda kosa. Mahakama haikumtia hatiani, hilo liko wazi. Ila sahihi yake iko chini ya maneno "nilitenda." Fomu ikiuliza kuhusu hatia, namwambia ajibu hapana. Ikiuliza kama kuna jambo lolote linalogusa tabia yake, namwambia ataje. Mwenzangu mmoja ninayemheshimu anaona hapo namchomea kijana bure.

Kuna pia waliokamatwa kwa uhuni na uzururaji, wakakiri ili watoke. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sehemu ya kifungu cha sheria kinachohusu kosa hilo. Je, hatia ya kabla ya hapo imekufa yenyewe? Wapo wanaosema ndiyo. Mimi naona hakuna aliyekwenda kuigusa karatasi yako kabatini, kwa hiyo itaje na uongeze kwamba sehemu hiyo ya kifungu imeshabatilishwa. Naye aliyekuwa chini ya miaka 18, sheria ya watoto hailitumii kwake neno hatia, na fomu inayouliza kuhusu hatia ajibu hapana. Fomu ya ng'ambo inayouliza kwa maneno mapana zaidi, hapo huwa nasita, na huwashauri wakiandikie chuo chenyewe kuuliza.

Na tafadhali, acheni kufuata video za Marekani. Kule vyuo vya sheria vyenyewe huuliza maswali mapana, na kila jimbo lina masharti yake ya tabia ambayo chuo kinatakiwa kumtahadharisha mwombaji. Ukiomba kule, fuata ya kule. Ukiomba Kampala, usijifariji kwa sheria ya California ya kufuta rekodi.

Barua ya LC1, yaani baraza la kijiji, inasema unakaa wapi na majirani wanakuonaje. Haifuti hukumu. Cheti cha tabia njema kutoka polisi kinaonyesha kilichomo katika kumbukumbu zao. Kikija safi nawe unajua ulikiri mbele ya hakimu, bado unajua.

Maelezo yenyewe yawe mafupi. Wengi huniletea kurasa mbili: marafiki wabaya, polisi waonevu, baba kafariki. Mimi hubakiza kama hivi: "Mwezi Machi 2019, nikiwa na miaka 19, nilishtakiwa katika mahakama ya hakimu kwa kumshambulia mwanafunzi mwenzangu. Nilikiri, nikatiwa hatiani na kupewa onyo. Nilimlipia matibabu. Sijashtakiwa tena. Nakala ya kumbukumbu ya mahakama imeambatishwa." Kama baba alifariki mwaka huo na jambo hilo linahusika, sentensi moja inatosha. Kosa la udanganyifu au wizi lina uzito kuliko ngumi, hata kiasi kikiwa kidogo, na hapo ongeza ulichofanya kurudisha mali.

Nakala hiyo iombe sasa, kabla hujajaza fomu yoyote. Nenda kwa karani wa mahakama ile ile na namba ya kesi. Kama huna namba, nenda na CRB, au risiti ya faini yenye PRN, yaani namba ya malipo. Jalada likikosekana, omba kwa maandishi ujibiwe kwa maandishi kwamba limetafutwa halikuonekana, kisha ambatisha jibu hilo pamoja na maelezo yako.