Nzi weupe na mimea wanayokulia: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Nzi weupe ni wale wale, walio kwenye muhogo leo, kesho watakuwa kwenye nyanya."

Hii ndiyo inayosikika kuliko zote, na ni rahisi kuiamini kwa sababu kwa macho huwezi kuwatofautisha. Lakini mdudu huyu mdogo anayenyonya utomvu, kwa jina la kitaalamu Bemisia tabaci, ni kundi la spishi zaidi ya 30, na kila moja ina mimea inayoiweza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti huko Ivory Coast waliona nzi wa muhogo wakistawi kwenye muhogo na biringanya, ilhali wa bamia, ambao waliweza mimea mingi mingine, muhogo uliwashinda. Basi mwenye nyanya asikimbilie kuulaumu muhogo wa jirani. Aanze na biringanya, bamia na magugu ya pembeni.

"Nzi akionekana kwenye jani, ujue anazaliana hapo."

Mkubwa ana mabawa: hutua, akaonja, akaondoka. Mtoto hana hiari hiyo. Yai huchomekwa kwenye jani kwa kikonyo chembamba na hupata maji yake humo humo. Tunutu akianguliwa hutambaa kidogo, akachoma mdomo jani, na hapo ndipo atakapokaa mpaka aote mabawa. Maisha yake yote ya utotoni yanategemea jani alilochaguliwa na mama yake. Kukiwa na joto, mmea unaomfaa humkuza kwa wiki mbili au tatu. Usiomfaa unaweza kumchelewesha hadi karibu mwezi, na wengi wakafia njiani.

Kwa hiyo wanaoruka si kipimo kizuri. Geuza majani, tena ya chini. Kwenye muhogo majike hutaga kwenye majani machanga ya juu, lakini mmea unaendelea kurefuka huku tunutu wamekwama pale pale, ndiyo maana tunutu wanaokaribia kukomaa utawakuta kwenye majani yaliyokomaa. Anayepulizia kilele peke yake hajawafikia.

Lakini huyo anayeonja na kuondoka usimdharau. Hata asipotaga, muda mfupi wa kunyonya unamtosha kuachia nyanya virusi vya rasta, ugonjwa wa kujikunja majani.

"Jani lenye manyoya humfukuza."

Manyoya gani? Pamba yenye majani ya manyoya kwa kawaida hubeba nzi weupe wengi kuliko yenye majani laini. Kwenye nyanya pori ya Peru, Solanum pennellii, mambo ni kinyume: vinyweleo vyake hutoa utomvu unaonata, nzi akanaswa au akakataa kutaga. Wazalishaji wa mbegu wamekuwa wakijitahidi kuihamishia sifa hiyo kwenye nyanya tunazokula.

"Mbegu inayostahimili batobato imemaliza na nzi."

Dhana hii imewagharimu wakulima. Baada ya batobato kali, ugonjwa wa virusi wa muhogo, kuikumba Uganda miaka ya 1990, zilisambazwa mbegu zinazostahimili ugonjwa huo, TME 204 ikiwa mojawapo. Mbegu hiyo iliihimili batobato kweli. Ila nzi weupe waliipenda mno, na ugonjwa wa michirizi kahawia ulipozuka nchini humo miaka ya 2000, haikuwa na kinga. Nzi ndiye anayesambaza magonjwa yote mawili. Kustahimili virusi ni jambo moja, kumnyima nzi malezi ni jingine kabisa.

Muhogo unaomnyima malezi upo. Aina ya MEcu 72 kutoka Ecuador huua sehemu kubwa ya tunutu kabla hawajakomaa, na kutokana nayo ilizalishwa Nataima-31, iliyotolewa kwa wakulima wa Colombia mwaka 2003. Ila mlengwa wao huko ni Aleurotrachelus socialis, nzi mweupe wa Amerika Kusini, si huyu wetu. Ndiyo maana aina hizo zinapaswa kupimwa huku kwanza.

"Ukiongeza urea, mmea utapata nguvu ya kumshinda."

Urea ni mbolea ya naitrojeni; ikizidi, majani huwa laini na yenye lishe zaidi, na anayenyonya utomvu wake hunufaika pia. Kwenye pamba hili limeonekana: naitrojeni ikipanda, nzi weupe huongezeka.