Poka: Fedha Ambazo Bado Hazijafika Mezani

Wachezaji wengi wa poka huamini kwamba ukibakiza karata moja tu kukamilisha mkono, yaani seti ya karata tano zinazoshinda, inafaa kulipa dau lolote, maana ikija utazoa kila kitu. Ukweli upo humo: fedha za baadaye huhesabiwa. Ila zina mpaka.

Chukua Texas Hold'em, aina ya poka ambayo kila mchezaji ana karata mbili zake na zilizofunuliwa mezani hutumiwa na wote. Una kopa mbili mkononi, mezani kuna karata nne na mbili kati yake ni kopa, imebaki moja kufunuliwa; unahitaji kopa ya tano. Kati ya karata 46 usizoziona, kopa ni 9. Utapata takriban mara moja katika tano. Mezani kuna 100, nawe unatakiwa ulipe 40. Ili usile hasara baada ya michezo mingi, kila ushindi ulete wastani wa 164 hivi, yaani 64 zaidi ya zilizopo. Mpinzani aliyebakiwa na 30 atazitoa wapi? Hata mwenye 500, kopa ya tatu ikitua mezani naye anaiona, na mara nyingi hujitoa.

Jaribu nyumbani: tenga karata hizo sita, changanya 46 zilizobaki, funua moja, andika kama ni kopa, rudia mara mia. Mezani, kabla ya kulipa, tazama rundo la fedha lililo dogo kati ya lako na la mpinzani: huwezi kuzoa zaidi ya hilo kutoka kwake.